Likizo ya Bara: Matumizi, Wenyeji na Swala kwa Familia Iendayo Kasulu na Kibondo

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahali zake na Maswahaba zake.

Ama baad. Kila zinapokaribia likizo za skuli tunaulizwa masuala ya safari, na miaka ya karibuni masuala hayo yamebadilika sura. Zamani waliokuja kutuuliza walikuwa mahujaji, na wafanyabiashara waendao Dubai. Siku hizi anakuja baba wa familia, fundi au mwalimu, anasema: "Sheikh, ahali yangu kwao ni Kasulu. Watoto hawajamuona bibi yao tangu wazaliwe. Tunataka twende wiki mbili, na tukipata nafasi tufike na Kibondo kwa mama mdogo. Kipi kinatujuzia na kipi hakitujuzii?" Suala ni moja, lakini ndani yake mna fedha, mna wenyeji, mna swala na mna afya ya watoto. Tumeona tuyaeleze pamoja, maana kwa uzoefu wetu yanaharibika pamoja.

Wageni wanavuka bahari kuja kupumzika kwenye mchanga wa Nungwi na Paje. Sisi tuliozaliwa na bahari mlangoni, pumziko letu liko upande wa pili: vilima, migomba, na usiku wa baridi unaotaka blanketi. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Mkunazini akiamka huko mwezi wa Juni anadhani yuko nchi nyingine. Kuburudika huku ni mubah. Kumpeleka mtoto kwa bibi yake kunapanda daraja, kunakuwa kuunga udugu, na ujira wake unajulikana. Lakini safari njema huharibiwa na njia iliyotumika kuifanya, na mara nyingi njia hiyo ni fedha.

Hesabu kabla ya boti

Tuanze na lililo zito. Haijuzu kuchukua mkopo wa riba kwa ajili ya likizo. Haijuzu wa benki, haijuzu wa kikundi cha kuweka na kukopa kinachorejeshewa zaidi ya kilichotoa, na haijuzu ule mkopo wa simu unaoingia kwa kubonyeza mara mbili na kukatwa ziada baada ya siku chache. Wengi hawauhesabu huu wa simu kuwa ni mkopo kwa sababu ni mdogo. Uharamu haupimwi kwa udogo. Na anayetuambia kuwa ni dharura tunamwambia kwa upole: dharura ni njaa na maradhi, kwenda kuona migomba si dharura. Mwaka huu ukiwa hautoshi, bibi apigiwe simu, kiekwe kidogo kidogo, waende mwakani.

Wala haifai kukopa hata bila riba halafu ukawaacha wadai wanakutazama ukipanda boti pale Malindi. Mwenye deni lililofika muda wake, naye ana cha kulipa, hana haki ya kusafiri kabla ya kulipa isipokuwa kwa ridhaa ya anayemdai. Hili Maulamaa wetu wa Kishafii wamelieleza wazi, na watu wanalipita kimya.

Fedha ya mke ni ya mke. Tunaona baba anapanga safari kisha anamgeukia mama: "Wewe si umeuza mwani? Ni kwenu huko, toa nauli." Akitoa kwa hiari yake ni wema wake na ana thawabu zake. Kumlazimisha, au kumnunia mpaka atoe, ni kula mali ya mtu bila ya ridhaa yake, na haya ya kuombwa mbele ya watoto haiwi ridhaa.

Katika kupanga matumizi, tunawashauri watu waanze kutoka mwisho. Ikatwe kwanza nauli ya kurudi, ya watu wote, ya basi na ya boti, iekwe mahali isiguswe. Kisha ikatwe ya kwenda. Kisha ya dawa na ya dharura. Kinachobaki ndicho cha matumizi, na kama hakibaki kitu basi jibu limeshapatikana. Allah (Subhanahu wa Taala) katika Suratul-Furqan amewasifu waja wake wanaotoa bila ya israfu wala ubakhili, wakawa kati na kati. Kati na kati hiyo haijulikani ila kwa hesabu. Uliza nauli wiki ile ile unayosafiri, kwani zinabadilika, na uulize kwa zaidi ya mtu mmoja.

Kuna njia mbili ambazo wengi huzitumia. Kuna basi la moja kwa moja kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam. Na kuna reli: treni ya umeme hufika Dodoma, ambako imeanza kwenda mwaka 2024, na abiria akamalizia kwa basi, au ile treni ya zamani ya reli ya kati mpaka Kigoma mjini, kisha gari la kupanda Kasulu, mwendo usiofika kilomita 100. Kasulu na Kibondo zenyewe hazina reli. Kutoka Kasulu mpaka Kibondo ni zaidi ya kilomita 120 nyengine, kwa hiyo "tukipita tu kumsalimia mama mdogo" ni nauli ya watu saba, kwenda na kurudi. Iingizwe katika hesabu tangu nyumbani.

Benki na mawakala wa fedha za simu wapo katika miji yote miwili. Vijijini wakala anaweza kuwepo lakini hana fedha taslimu siku hiyo, na makato ya kutoa yanakula kidogo kidogo. Fedha zisikae katika simu moja wala mfuko mmoja. Baba awe na zake, mama awe na zake.

Wakisafiri familia mbili tatu pamoja, ni bora wachague mmoja awe amiri wao, kama ilivyokuja katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kuhusu watu watatu wanaotoka safarini, na wachange fungu moja la chakula na maji. Haya si mageni katika dini. Imam al-Bukhari ameweka mlango wake katika Sahihi yake, na humo mna habari ya Maashari, watu wa Abu Musa, ambao chakula kikipungua safarini hukusanya vyote walivyonavyo katika nguo moja na kugawana sawa. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akawasifu. Swali linalotujia ni hili: je, si dhulma, fulani ana watoto wanne na mimi nina mmoja, na tumechanga sawa? Si dhulma maadamu mmeridhiana mwanzo, kwani fungu hili msingi wake ni kusameheana, si kuuziana. Ugomvi unaletwa na kutosema. Semeni pale bandarini: tunachanga kwa kichwa au kwa nyumba? Kitakachobaki kinarejeshwa kwa kadiri ya michango au kinawaendea wenyeji? Maneno ya dakika tano. Tumeona ndugu wa tumbo moja hawasemezani mwaka mzima kwa sababu ya chenji ya chipsi.

Mgeni ni siku tatu

Hapa tuna kisa chetu wenyewe, na tunakisema ingawa hakitupambi. Miaka iliyopita tulikwenda na ahali zetu kwa shemeji yetu, kijiji kimoja nje ya mji wa Kasulu. Tulikuwa watu saba na tulikaa siku kumi. Kila siku palichinjwa kuku, na siku mbili palinunuliwa nyama ya ng'ombe. Tulipokuwa tukisema "msijisumbue" tulikuwa tukisema huku tukinawa mikono. Tulirudi Unguja tukimsifu shemeji kwa ukarimu, na katika darsa tulimpigia mfano. Baada ya miezi ndipo ahali yetu alipopata habari kutoka kwa dada yake: shemeji alikuwa ameuza maharage yake yakiwa bado shambani, mabichi, kwa mfanyabiashara aliyempa nusu ya thamani au chini yake, ili apate kitoweo cha wageni kutoka Zanzibar. Mavuno yalipofika yalikuwa ya mtu mwengine, na watoto wake ndio waliokula huo ukarimu.

Sisi ni mwalimu wa fiqhi. Tunajua kuwa kuuza mazao kabla hayajapevuka, kwa sharti ya kubaki shambani, kumekatazwa katika hadithi sahihi. Tunajua pia hadithi ya Abu Shurayh, waliyoipokea al-Bukhari na Muslim: haki ya mgeni ni kukirimiwa mchana mmoja na usiku wake, ugeni ni siku tatu, na baada ya hapo ni sadaka, na haimhalalikii mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka akamtia katika dhambi. Maswahaba walipouliza atamtiaje katika dhambi, wakaelezwa kuwa ni kukaa kwake hali ya kuwa mwenyeji hana cha kumkirimu. Tulikuwa tukiisomesha hadithi hii miaka ishirini, na tukaitumbukia yote, mpaka ile sehemu ya dhambi, kwani yule bwana aliingia katika bei iliyokatazwa kwa sababu yetu. Tulimrudishia alichopoteza. Alikataa mara mbili, mara ya tatu tukampa mkewe.

Basi shikeni hili. Mkoa ule watu wengi wanaishi kwa kulima muhogo, maharage na mahindi, na fedha taslimu huingia kwa msimu. Mgeni kutoka visiwani, aliyevaa vizuri na mwenye simu kubwa, anaonekana tajiri hata kama ni mwalimu wa mkataba, na mwenyeji anajiona analazimika kumlisha kwa kadiri ya nguo zake. Dawa yake ni kutangulia. Siku ile ile ya kufika, baada ya salamu, nendeni sokoni wenyewe mrudi na mchele, sukari, mafuta, chumvi na sabuni ya familia nzima kwa siku zote mtakazokaa, si za kwenu pekee. Fedha ya jikoni apewe mama wa nyumba na mwanamke mwenzake, faraghani, kwa jina la zawadi ya watoto, si malipo. Msiseme "tutatoa mkisema mnahitaji." Muha mwenye murua hatasema. Na wanawake waingie jikoni kusaidia, na vijana wetu wachote maji. Likizo ya mtu isiwe kazi mara mbili ya mwenzake.

Mkikaa zaidi ya siku tatu kwa ridhaa yao na kwa chakula chenu, hakuna ubaya, na bibi huyo atafurahi. Mkiona nyumba ni ndogo, nyumba za wageni zipo mjini, na kulala huko si tusi ikiwa mtaeleza kwa adabu na kushinda mchana nyumbani kwa wazee.

Zawadi za kupeleka zisiwe za kujionesha. Halua, kanga, tende na viungo vya chai vinatosha na vinafurahisha. Mtarudi na asali, maharage na mafuta ya mawese. Mawese yafungwe vizuri; tuna kanzu iliyokwenda nyeupe ikarudi ya rangi ya chungwa.

Watoto wafundishwe kabla hawajatoka. Huko watakuta ugali wa muhogo, na dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika badala ya changu. Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam) hakupata kukitia ila chakula. Akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Mtoto asemaye "kina nuka" mbele ya bibi yake ameshaharibu nauli yote. Ama nyama, asili ya nyama inayochinjwa na Waislamu ni halali na hatuamrishwi kupekua. Ila mikahawani, Bara, yapo majiko yanayokaanga nguruwe na kuku pamoja, kwa hiyo kuuliza aliyechinja na kinachokaangwa humo si wasiwasi, ni uangalifu.

Saa na kibla

Hili ndilo ambalo wengi hawalijui kabisa, na linaharibu ibada. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halitazami saa. Kasulu iko magharibi ya Unguja kwa digrii tisa hivi za longitudo, na kila digrii ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Kasulu huchomoza na kuzama takriban dakika 35 baada ya la kwetu, na Kibondo ni karibu hivyo hivyo. Ratiba ya swala ya Zanzibar iliyobandikwa ukutani au iliyomo katika simu haifai huko. Aliyefunga akafuturu kwa ratiba ya Unguja amefuturu jua lingali juu, na inampasa ailipe siku hiyo ikiwa ni saumu ya faradhi. Aliyeswali Adhuhuri kwa ratiba hiyo ameswali kabla ya wakati, na swala ya kabla ya wakati haimwondolei faradhi. Tumekutana na familia iliyofanya hivyo Ramadhani karibu wiki nzima kwa sababu programu ya simu ilizimwa mahali, ikabaki inaonesha Mjini Magharibi. Fuateni adhana ya msikiti wa hapo mlipo.

Kibla nacho kinahama. Kwetu Unguja Makka iko karibu kaskazini kabisa, hata watoto wanajua. Kasulu na Kibondo ni lazima ugeuke kutoka kaskazini kuelekea mashariki kwa digrii 19 au 20. Nyoosha mkono mbele yako ukifumbata ngumi: upana wa ngumi mbili ndio huo. Ulipo msikiti, mihrabu inatosha.

Kuhusu kupunguza swala, safari hii ni ndefu bila ya shaka, ni zaidi ya mara kumi ya ile masafa ya kilomita 80 na kitu iliyotajwa na Maulamaa. Rukhsa inaanza mkishatoka mjini kwenu, yaani boti ikishaondoka. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Mnaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kwa kutanguliza au kuchelewesha, na anayechelewesha anuie hivyo kabla ya wakati wa ile ya kwanza kutoka. Mkiswali nyuma ya imamu mkaazi mnatimiza nne pamoja naye.

Mkifika Kasulu mkiwa na nia ya kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, basi kwa madhehebu yetu rukhsa imekwisha tangu mlipofika: mnatimiza, mnafunga Ramadhani, na wanaume mnahudhuria Ijumaa. Siku mtakayokwenda Kibondo mnarudi kuwa wasafiri, kwani masafa hayo peke yake yanatosha. Kwenda Heru Juu kutembea na kurudi jioni hakuwafanyi wasafiri.

Alfajiri ndiyo inayopotea zaidi, kwa kuwa haikusanywi na chochote na basi linakuwa katikati ya pori. Mwulizeni dereva au kondakta kabla ya kulipa kama atasimama, na msione haya. Wengi husimama wakiombwa mapema na abiria kadhaa. Akikataa na wakati unatoka, swalini kwenye viti kwa namna mnavyoweza, kwa kuheshimu wakati, kisha muirudie mkishuka. Chupa ya maji iwe mkononi, na akinamama wasiachwe ndani ya basi kwa kisingizio cha haraka. Na msianze safari Ijumaa baada ya alfajiri kuingia, isipokuwa mna hakika ya kuipata Ijumaa njiani.

Baridi ya asubuhi huwafanya vijana waulize tayammamu. Maji baridi pekee si udhuru, yachemsheni. Anayehofia madhara ya kweli na hana cha kuchemshia, huyo ndiye mwenye rukhsa. Na khofu za ngozi, anayezivaa akiwa na udhu, msafiri hupangusa juu yake siku tatu na usiku wake.

Vitambulisho na malaria

Bebeni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ni mkoa wa mpakani na Burundi, na ukaguzi barabarani ni jambo la kawaida. Kutoa karatasi kwa utulivu kunafupisha maneno. Kambi za wakimbizi haziingiwi bila ya kibali cha serikali, na hata pasingekuwa na kibali, dhiki ya watu si mahali pa kupigia picha za likizo. Mwenye sadaka aifikishe kupitia msikiti wa karibu au taasisi zinazohudumu huko.

La mwisho ni malaria. Zanzibar tumejaaliwa malaria imeshuka sana, na watoto wetu wengi hawajawahi kuugua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta maambukizi kwa watoto wadogo Zanzibar hayafiki asilimia 1, na Kigoma ndiyo iliyokuwa juu kuliko mikoa yote, karibu asilimia 24. Kwa hiyo mwili wa mtoto wetu unaingia huko bila ya kinga ambayo binamu yake anayo. Chandarua chenye dawa kwa kila kitanda kiingie katika matumizi ya lazima, kabla ya halua. Mwenye mimba na mwenye mtoto mchanga wamuone daktari kabla ya kusafiri awape la kufanya. Homa ikimshika mtoto huko, apimwe siku hiyo hiyo. Msimpe panadoli mkasubiri. Na mkisharudi Unguja, homa ikitokea hata baada ya wiki kadhaa, mpelekeni kituo cha afya na mmwambie daktari bila ya kusubiri aulize: mtoto huyu alikuwa Kasulu.

Wallahu aalam.